Mwanachuo katika Shule ya Kata: Msaada Unaofika na Unaopotea Njiani

Swali lilikuwa la kengele mbili. Moja hulia kila baada ya dakika 12, nyingine kila baada ya dakika 18. Zimelia pamoja saa mbili kamili asubuhi, je, zitalia tena pamoja saa ngapi? Liliandikwa ubaoni kwa Kiingereza, Jumamosi moja, katika darasa la kidato cha pili la shule ya kata iliyo pembezoni mwa Dar es Salaam, nami, mwanachuo wa mwaka wa pili niliyekuwa nimejitolea kusaidia somo la Hisabati, nililichukulia kuwa swali jepesi la kuanzia. Katika kundi langu la wanafunzi kumi na mmoja, tisa walijumlisha 12 na 18 wakapata 30. Niliwauliza swali linahusu nini, hakuna aliyejibu. Tarakimu walizisoma, lakini neno la Kiingereza lililobeba maana ya muda unaopita kati ya mlio mmoja na mwingine hawakuwahi kukutana nalo, kwa hiyo wakafanya anachofanya mtu yeyote mwenye tarakimu mbili mkononi na hofu moyoni. Nilipolisimulia upya kwa Kiswahili, binti aliyekaa karibu na dirisha alisema kwa sauti ya kujilaumu, "Kumbe ni KDS!" Haukupita muda karibu kundi zima likawa limepata 36, na saa mbili na dakika thelathini na sita ikaandikwa madaftarini.

KDS ni kigawe kidogo cha shirika, mada ambayo mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali Tanzania Bara amefundishwa kwa Kiswahili. Anapoingia kidato cha kwanza, mada ileile humjia kwa herufi tatu nyingine za Kiingereza, na mara nyingi hakuna anayemwambia kwamba hiyo ni ile aliyoiacha darasani mwaka jana. Ndivyo ilivyo kwa usanisinuru, kwa mzingo na kipenyo, kwa mengi aliyokwisha kuyajua ambayo sasa anayaona kama mapya, na magumu kwa sababu ni mapya. Inaposemwa katika mahafali na makongamano kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu warudi wakazisaidie shule za sekondari zenye hali duni, kauli hiyo husemwa kana kwamba msaada ni kitu kimoja na kila anayekwenda anakipeleka. Ninavyoona mimi, mwanachuo ana kitu kimoja au viwili vya thamani halisi vya kumpa mwanafunzi wa shule ya kata, na vitu hivyo hufika tu pale kundi linapokuwa dogo, ratiba inapokuwa ya kudumu na kazi inapokuwa imebanwa. Akipelekwa kuziba nafasi ya mwalimu asiyekuwepo, juhudi zake nyingi hupotea njiani.

Shule za kata zilitokana na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004. Miaka michache kabla yake ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa, watoto wakafurika darasa la kwanza, na ilikuwa dhahiri kwamba wimbi hilo lingefika mlango wa sekondari. Wananchi walichanga fedha, wakafyatua matofali, wakasomba mchanga. Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia mwisho wa 2005 hadi Februari 2008, ndiye anayekumbukwa zaidi kwa kuwabana viongozi wa mikoa na wilaya ili kila kata iwe na sekondari yake. Shule za sekondari zilikuwa takriban 1,300 mwaka 2004. Kufikia 2009 zilikuwa zimepita 4,000, na wanafunzi wameongezeka kutoka takriban 430,000 hadi karibu milioni moja na nusu. Sijui kazi nyingine ya ujenzi wa umma katika nchi yetu iliyokwenda kwa kasi hiyo. Kuta, hata hivyo, hujengwa kwa msimu mmoja wa kiangazi, ilhali mwalimu wa Fizikia huchukua miaka. Ndipo wahitimu wa kidato cha sita walipopewa mafunzo ya wiki chache na kutumwa darasani, na mtaa ukawabatiza "walimu wa voda fasta", kwa jina la huduma ya kuongeza salio la simu kwa haraka.

Deni la kasi hiyo lilidaiwa hadharani Februari 2013, yalipotangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka uliotangulia, ambapo takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Iliundwa tume chini ya Profesa Sifuni Mchome, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, lakini picha iliyokwisha kuonekana haikufutika. Mwaka 2014 ilianzishwa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati katika Chuo Kikuu cha Dodoma ili kupunguza uhaba wa walimu wa masomo hayo. Mei 2016 zaidi ya wanafunzi 7,000 wa programu hiyo walirudishwa nyumbani baada ya masomo yao kukwama. Mwaka huohuo, kuanzia Januari, elimu bila malipo ilikuwa imefika kidato cha nne, na madarasa ya kidato cha kwanza yakajaa kuliko wakati wowote. Kwa hiyo mtu anayeingia leo katika shule ya kata akashangaa kumkuta mwalimu mmoja wa Hisabati akihangaika na mikondo minane, anashangaa jambo ambalo limekuwa likijengeka kwa miaka ishirini.

Katika shule hiyohiyo anaweza kukuta watu watatu wote wakiitwa "walimu wa kujitolea", na mkanganyiko mwingi katika suala hili unatokana na kuwachanganya. Wa kwanza ni mwanafunzi wa shahada ya ualimu aliye katika mafunzo kwa vitendo, maarufu kama BTP, ambaye kwa wiki kadhaa kila mwaka hufundisha vipindi vya kawaida, hukaguliwa na mhadhiri wake na hupewa alama. Huyu hajitolei, yuko masomoni, na wengi wao hupata fedha za mafunzo hayo kama sehemu ya mkopo. Wa pili ni mhitimu wa ualimu asiye na ajira. Tangu kasi ya kuajiri walimu ilipopungua katikati ya miaka ya 2010, wahitimu wengi, hasa wa masomo ya sanaa, wamekuwa wakifundisha kwa posho ndogo inayotokana na wazazi au shule, wakitumaini kwamba ajira zitakapotangazwa jina lao litakumbukwa. Huyu naye kujitolea kwake kuna subira ndani yake, na wakati mwingine uchungu. Wa tatu ndiye ninayemzungumzia hapa, yaani mwanachuo ambaye bado anasoma, wa ualimu au uhandisi au sheria au udaktari, anayetoa sehemu ya muda wake bila alama na bila ahadi ya ajira.

Tofauti hizo zina uzito wake. Mkuu wa shule akimpokea huyu wa tatu kana kwamba ni wa kwanza, atampa vipindi ishirini kwa wiki na ufunguo wa stoo ya vitabu. Baada ya mwezi mwanachuo ataitwa chuoni kwa mtihani wa majaribio, na wanafunzi watabaki na mada iliyokatikia katikati. Nimeona kidato cha tatu ambacho kwa mwaka mmoja kilifundishwa Kemia na wanachuo wanne waliopokezana, kila mmoja akianza na mada aliyoipenda, na hakuna hata mmoja aliyeacha kumbukumbu ya alipofika. Walimu wa shule ile hawakuwa wazembe, na vijana wale walikuwa na nia njema kabisa. Kilichokosekana ni mtu wa kusema tangu mwanzo kwamba mtaala ni mali ya mwalimu wa somo, na mwanachuo hakabidhiwi.

Wazo lenyewe la msomi kulipa deni kwa jamii ni la zamani, na kwetu halikuzaliwa kwa hiari. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam waliandamana kupinga mpango wa kuwapeleka wahitimu Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakifanya kazi kwa mshahara uliokatwa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 na kuwarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Miaka minane baadaye, Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka elimu ya msingi iwafikie wote, na pia anayetaka kuingia chuo kikuu awe kwanza amefanya kazi. Kizazi kile kilizoea kwamba deni la msomi linatajwa na serikali na linalipwa kwa amri. Mwanachuo wa leo anasoma kwa mkopo wenye jina lake, atakaoulipa kutoka mshahara wake, na hoja ya kwamba anadaiwa pia na kijiji haimwingii kirahisi kama ilivyomwingia babu yake, ambaye hata hivyo naye aliandamana. Sisemi hayo kwa kumlaumu. Nasema tu kwamba kujitolea kwa leo ni kwa hiari kweli, na kitu cha hiari lazima kipangwe kwa namna ambayo mtu wa hiari anaweza kukidumisha.

Je, kuna ushahidi kwamba kinasaidia? Upo, ila si wa kila aina ya kujitolea. Mwaka 2020, shule za Italia zilipofungwa kwa sababu ya korona, watafiti Michela Carlana na Eliana La Ferrara waliandaa mpango wa wanafunzi wa vyuo vikuu kujitolea kuwafundisha kwa mtandao wanafunzi wa sekondari ya chini wanaotoka katika familia zenye hali ngumu, wakiwemo wa wahamiaji. Walioombewa msaada walikuwa zaidi ya 1,000 na wa kujitolea walitosha karibu nusu yao, kwa hiyo waliopewa na waliokosa waliamuliwa kwa bahati nasibu, jambo lililowezesha kuwalinganisha kwa haki. Waliosaidiwa walifanya vizuri zaidi kimasomo na hali yao ya kisaikolojia ikawa afadhali. Ujerumani, mpango wa Rock Your Life! ulioanzishwa na wanafunzi wa Friedrichshafen mwaka 2008 humkutanisha mwanachuo mmoja na kijana mmoja wa shule ya ngazi ya chini. Tathmini yake ilionyesha kwamba vijana wa familia duni walinufaika katika alama za hisabati na katika kuijua njia ya kuelekea kazini, ilhali wale ambao nyumbani walikuwa na uwezo hawakuongeza kitu.

Katika mipango yote miwili mwanachuo mmoja alimshughulikia mtoto mmoja, kwa wiki kadhaa mfululizo au zaidi, na si yeye aliyekuwa mwalimu wa darasa. Ile ya Italia ilikuwa hata na wataalamu wa ufundishaji waliokuwa nyuma ya vijana wakiwaelekeza. Hakuna mahali ushahidi huo unaposema kwamba ukimweka kijana wa miaka ishirini na moja mbele ya wanafunzi themanini, watajifunza. Sisi hatuna wanachuo wa kumgawia kila mtoto mmoja, lakini kundi la wanane hadi kumi na wawili linawezekana, na katika kundi la ukubwa huo ndipo nilipoweza kugundua kwamba tisa wamejumlisha. Mwalimu wao, mbele ya mkondo mzima, angeona mikono mitatu iliyonyooshwa na kuendelea na mada, na mimi nikiwa mahali pake ningefanya vivyo hivyo.

Nirudi kwenye lugha, maana ndiko mwanachuo alikozidi watu wengine wote. Tanzania Bara, mtoto wa shule ya serikali husoma miaka ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo, kisha sekondari husoma kwa Kiingereza, Kiswahili kikiwa somo. Zipo wiki za mwanzo za kidato cha kwanza zinazotengwa kumwandaa kuvuka, lakini mto huo hauvukwi kwa wiki. Mwalimu mzoefu alivuka zamani, na mara nyingi amesahau ilikuwaje. Baadhi hufundisha kwa Kiswahili kimyakimya na kuandika notisi kwa Kiingereza, wanafunzi wakaelewa kimoja na kukariri kingine. Mwanachuo aliyesoma shule kama hiyo alivuka miaka saba au minane iliyopita. Bado anakumbuka ni maneno gani ya maswali ya mtihani yaliyomwangusha, na mara nyingi si istilahi za kisayansi. Istilahi hukaririwa. Yanayomwangusha mtoto ni maneno madogo yanayotoa amri: kokotoa, linganisha, fafanua kwa mifano, toa sababu, kadiria. Mwanafunzi anayejua moyo wa binadamu una vyumba vinne hukosa alama kwa sababu ameombwa atofautishe, naye ameorodhesha.

Kwa hiyo kazi ninayoiona kuwa ya mwanachuo hasa ni ya daraja. Achukue mada ambayo mwalimu amekwisha kuifundisha wiki hiyo, aikalie na kundi dogo, aieleze kwa Kiswahili mpaka ieleweke, kisha awarudishe taratibu kwenye Kiingereza cha mtihani, wakiandika wenyewe sentensi mbili tatu. Asianzishe mada mpya. Asibishane na notisi za mwalimu mbele ya wanafunzi hata pale zinapokuwa na kosa. Amwone mwalimu pembeni, kwa adabu ya mgeni. Kitu cha pili alichonacho ni habari. Mtoto wa kata ambaye nyumbani kwao hakuna aliyefika kidato cha tano hajui tahasusi huchaguliwaje, chuo cha ufundi hupokea alama zipi, maombi ya mkopo hujazwa lini. Haya yanaelezeka kwa mchana mmoja na yanaweza kubadili uamuzi wa miaka.

Na hapo nieleze aina ya msaada ambayo nimeshiriki na ambayo siwezi kuitetea. Katika mwaka wangu wa kwanza klabu yetu ilikodi basi, ikachapisha fulana arobaini na bango, tukaenda shule moja ya kata kwa siku moja ya "hamasa". Tulipokewa kwa ngoma. Vipindi vilisimamishwa tangu asubuhi, wanafunzi mia kadhaa wakaketi chini ya mwembe, na mmoja baada ya mwingine tukawaambia kwamba inawezekana. Tulikabidhi katoni za taulo za kike na maboksi ya chaki, tukapiga picha, tukaondoka saa kumi. Taulo na chaki zilikuwa na maana. Mengine yote yaligharimu shule siku nzima ya masomo, na gharama ya fulana na basi ingelipa nauli ya daladala ya watu wanne kila Jumamosi kwa muhula mzima. Mwalimu wa taaluma, alipotusindikiza getini, alituuliza kwa upole kama tutarudi. Tulisema ndiyo. Hatukurudi.

Kwa nini hatukurudi? Sehemu ya jibu ni kalenda, kikwazo ambacho hakitajwi katika hotuba. Mwaka wa shule huanza Januari, mapumziko makubwa ni Juni na Desemba, na mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Mwaka wa chuo huanza karibu na Novemba, mitihani ya muhula ni karibu Februari na tena karibu Julai. Matokeo yake ni kwamba shule zinapokuwa na likizo ya Juni, ambapo kambi za masomo zingewezekana, mwanachuo yuko katika wiki zake ngumu kuliko zote. Na mwanachuo anapokuwa huru, kati ya Agosti na Oktoba, miezi ambayo mtahiniwa wa kidato cha nne anahitaji msaada kuliko wakati wowote, hayupo tena mjini, amerudi kwao. Programu inayopangwa na klabu ya chuo kwa ajili ya shule zilizo jirani na chuo inapigana na kalenda hiyo kila mwaka, na kila mwaka hushindwa mwezi uleule.

Sehemu nyingine ni nauli. Fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, bumu kama tunavyoiita, imekuwa shilingi 8,500 kwa siku na baadaye 10,000, na humo kuna chakula na chumba. Wapo pia wasio na mkopo kabisa. Kumwambia kijana huyo apande daladala mbili kwenda na mbili kurudi, ashinde bila chakula cha mchana, kila Jumamosi, ni kumwomba ajitolee mara mbili, na watakaobaki baada ya mwezi ni wale ambao kwao wanaweza. Nchi nyingine zimelitazama jambo hili bila haya. Mpango wa PERACH wa Israeli, ulioanzia Taasisi ya Weizmann mwaka 1974, humpa mwanachuo punguzo la ada kwa saa anazotumia na mtoto wa familia duni. Wapo watakaosema huko si kujitolea tena. Labda si kujitolea, lakini mtoto wa upande wa pili hajali jina. Anajali kama mtu yuleyule atakuja wiki ijayo. Chuo chochote kikiamua kugharamia nauli tu, bila posho, kitakuwa kimefanya zaidi ya fulana zote.

Lakini kalenda hiyohiyo inayokwamisha miradi ya mjini ina upenyo, nao ni nyumbani. Kuanzia Agosti, maelfu ya wanachuo wanatawanyika hadi kata walizotoka, ambako mwanachuo halipi kodi, hapandi daladala, anakula kwa mama yake, na anafahamika. Vyuo vyetu vikuu vimejazana Dar es Salaam, Dodoma, Morogoro, Mbeya, Mwanza, Iringa na miji mingine michache, ilhali shule zenye uhaba mkubwa ziko mbali na miji hiyo. Likizo ndefu ndiyo pekee inayowapeleka wanachuo huko bila kumgharimu mtu. Mwanachuo aliyesoma shule ileile ana jambo jingine ambalo mgeni hawezi kulinunua: wanafunzi wanamjua, wanajua nyumba yao, wanajua kwamba baba yake ni fundi baiskeli, na kwa hiyo maneno yake kuhusu chuo hayasikiki kama hadithi ya watu wa mbali. Kenya walichagua kinyume. Mpango wa G-United, ulioanza mwaka 2014 chini ya Wizara ya Elimu kwa ajili ya shule za msingi, uliwapeleka wahitimu nje ya kaunti zao kwa makusudi, ili kusaidia watoto kusoma na papo hapo kujenga umoja wa taifa. Ni lengo zuri, na linahitaji bajeti ya makazi na usafiri. Kwa asiye na bajeti, nyumbani panatosha.

Ubaya wa nyumbani ni kwamba kila mtu ni ndugu au jirani na barua huonekana si lazima. Ni lazima. Mwanachuo aende na barua ya utambulisho ya chuo, apite kwa ofisa elimu wa kata, akubaliwe na mkuu wa shule kwa maandishi, na kazi yake iwe chini ya mwalimu wa taaluma ambaye anajua ni lini anakuja na chumba gani anatumia. Hili si suala la urasimu tu. Kijana wa miaka ishirini na mbili na binti wa kidato cha nne wa miaka kumi na saba wametengana kwa umri mdogo sana, na mmoja wao ghafla amepewa jina la mwalimu. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, awe nani, lakini adhabu huja baada ya madhara kutokea. Kinachozuia madhara ni vitu vidogo visivyo na gharama: vipindi vifanyike shuleni na si majumbani, mlango uwe wazi, wanachuo wawe wawili wawili na ikiwezekana mmoja wao awe wa kike, namba za simu za wanafunzi zisichukuliwe, na jua lisizame wakiwa bado darasani. Mwanachuo anayekasirishwa na masharti hayo ni afadhali abaki nyumbani.

Jumamosi zangu za kidato cha pili zilidumu mihula miwili, kwa sababu mwalimu wa Hisabati wa shule ile alinipa masharti kama hayo siku ya kwanza na daftari la kaunta. Kila wiki niliandika ndani yake waliofika, mada yake ya wiki, swali moja tulilokwama, na kosa ambalo wengi walilirudia. Alilisoma kila Jumatatu. Baada ya kengele mbili aliniita akaniuliza ni wangapi kati ya wale tisa waliokuwa wanaijua KDS kwa Kiswahili, nikamwambia wote. Alinyamaza kidogo, kisha akanituma kununua karatasi mbili za manila, tukazigawa safu mbili kwa rula, tukaandika maneno thelathini ya Hisabati, Kiswahili kushoto na Kiingereza kulia, tukazibandika nyuma ya darasa. Nilipoacha kwenda, kwa kuwa mwaka wangu wa tatu ulikuwa na utafiti, nilimrudishia daftari. Machi iliyofuata nilipita shuleni kumsalimia. Manila zilikuwa tano. Mbili zilikuwa zetu, zimeanza kufifia kwa jua la dirishani; mbili zilikuwa za Bayolojia, usanisinuru ikiwa ya kwanza kwenye orodha; na ya tano ilikuwa ya Jiografia, kwa mwandiko wa kalamu ya bluu nisioujua, ikiwa haijajaa bado.